Sanduku la Mia Mbili na Tisini

Baba alichomelea matangi ya roketi miaka thelathini na mmoja
na hakuna hata moja lililovuja. Hilo alilisema mara mbili:
siku alipostaafu, na siku alipoanza kuumwa.
Riwaya hakuitaja kabisa.
Nimeikuta chini ya cherehani ya mama,
daftari kumi na nne za mirabamiraba, kila herufi na mraba wake,
kana kwamba sentensi nayo ni mshono wa chuma
usioruhusiwa kupitisha hewa.

Usiku, watoto wakilala, naipiga chapa.
Nje ni nyika, theluji kavu, treni ya makaa iendayo Kizilorda.
Ndani ni mwaka wa mia tatu na sita wa safari.
Watu elfu nne wamegandishwa, wanapelekwa kwenye sayari
ambayo Baba ameieleza kwa maneno mawili: “Inanyesha huko.”
Anayewalinda ni roboti mmoja, jina lake Tisa.
Wenzake wanane wamekwisha. Vipuri vyao anavyo mwilini,
goti la Nne, jicho la Sita,
anatembea akichechemea kwa urithi.

Tisa hasemi kama sisi. Baba amempa silabi nane nane,
kipimo cha bibi yake, aliyekuwa akighani
huku akikamua farasi:

     Usiku ninasimama
     nagonga chuma kwa chuma
     sikio likiegama
     kusikiza usingizi.

     La kwanza lina uhai
     la pili halikatai
     la tatu halishangai
     nami sichoki na kazi.

Kugonga mara tatu, kisha kutega sikio:
namjua aliyefanya hivyo.
Alifanya kwa mabomba ya maji, kwa matikiti sokoni,
kwa mlango wa chumba changu
nilipokataa kula baada ya mazishi.

Halafu, daftari la kumi na moja, wino umebadilika.

     Mia mbili na tisini,
     kuna kimya humo ndani.
     Naandika jedwalini:
     analala kama juzi.

Mara ya kwanza nilisoma nikapita.
Mara ya pili nikainuka kutafuta karatasi.
Hospitali ya reli, wodi ya wanawake, Raushan Saparkizi,
kadi namba mia mbili na tisini.

Miaka themanini na nane Tisa analijaza jedwali hilo.
Hakuna sura inayomfichua,
hakuna nahodha anayeamka kumshitaki.
Anagonga, anasikiliza, anaandika juzi.
Umeme wa sanduku lile hajaukata,
ingawa amepiga hesabu (ukurasa mzima, Baba hakuruka hata desimali)
kwamba ungetosha kumtengenezea goti.

Mhariri wa Almaty ameniandikia kwa upole.
Kitabu kina pumzi, anasema, lakini mashine haidanganyi,
na wasomaji wa leo wanazijua mashine.
Ama Tisa awe na hitilafu, nasi tuambiwe,
ama aukate umeme.
Nimeanza majibu matatu. Moja lilikuwa na matusi.
Moja lilieleza habari ya kadi, nikalichana.
La tatu liko mezani bado: “Ndugu mhariri, goti linauma.”

Alfajiri roketi imeruka. Vioo vimetetemeka,
kijiko kimelia ndani ya glasi ya chai.
Mwanangu Sanzhar, macho bado mazito, ameuliza kama kuna watu humo.
Nimemwambia safari hii ni mizigo tu.
Akarudi kulala, ameridhika, au amekata tamaa, sikumwelewa.

Daftari la kumi na nne limeishia katikati.
Chombo kimetua. Mvua inagonga bati la nje,
mara ngapi, Baba hakuandika.
Tisa amesimama penye swichi, safu zote elfu nne mbele yake,
na baada ya hapo ni miraba mitupu.

Nimejaribu kumpa mstari mmoja wa kumalizia.
“Amka, mvua inanyesha.”
Nahesabu kwa vidole, nakuta silabi imezidi.
Nikipunguza, ama mvua inakatika
ama mtu anabaki amelala.
Nahesabu tena, polepole, nikigonga meza.
Tisa.