Robo ya Duara

Kwenye menyu ya kamera hii, niliyoinunua Makoroboi
kwa mtu aliyeapa haijawahi kulowa,
kuna alama mbili za ubora, hazina maneno:
robo ya duara, ukingo laini kama yai,
na robo ya duara iliyokatwa ngazi.
Kando yake herufi za ukubwa, na kwenye kona
tarakimu inayopanda na kushuka
kadiri kidole kinavyochagua.

Kubwa na laini: picha sitini na nane.
Ndogo, ya ngazi: elfu moja mia tatu na kitu.

Nani asiyeijua hesabu hiyo hapa Mwaloni?
Dagaa mbichi, ndoo ni ndoo.
Waanike siku mbili juu ya nyavu,
jua la Kirumba linywe lililo lake,
ndoo kumi zitaingia gunia moja
nalo litashonwa mdomo, lisafiri.
Kamera nayo huanika. Hunywa rangi usizozitazama,
ikakuachia macho na mgongo.
Ila dagaa mkavu, hata umloweke usiku kucha,
hajui tena kuogelea.

Siku ya mahafali ya darasa la saba, Igogo,
nilikuwa na kadi ya nusu gigabaiti,
watoto mia mbili na kumi na wawili,
na kila mzazi akitaka na mwalimu, na keki, na shangazi.
Nikabonyeza ngazi. Sikusita.
Picha za saizi ya kiganja, elfu moja moja,
zilitoka safi. Watu walizipuliza zikauke
ingawa hazikuwa mbichi.

Miaka minne.
Kisha Nyanzobe akashuka mlimani na mojawapo,
pembe zimejikunja, ina alama ya kucha.
"Bibi anataka Mihayo awe mkubwa kama mlango.
Yuko kambini visiwani, simu haipatikani,
na macho ya bibi yameingia ukungu."
Nikasema kama mlango, haiwezekani.
Akafungua fundo la kitenge juu ya kaunta:
bibi keshatoa pesa.

Nikaitafuta faili. Nikaikuza.
Ndipo nikaona nilichokuwa nimekiuza:
shavu la mtoto limepangwa matofali,
sikio ni ngazi nne za kahawia,
na kovu la kwenye nyusi, Nyanzobe alipouliza liko wapi,
halikuwepo. Si kwamba limejificha.
Siku ile lilikuwa mita mbili mbele yangu
nikalikataa kwa kidole gumba
ili keki ipate pa kukaa.

Huko juu Igogo hakuna barabara. Ni jiwe, nyumba, jiwe,
na ngazi za saruji, kila fundi kapimia goti lake.
Nilipanda na bango begani kama mkeka,
nikiandaa maneno ya kuomba radhi, neno kwa ngazi,
nikafika sina pumzi ya kuyasema.

Tukalibandika ukutani.
Nyanzobe akalitazama, kisha akanitazama mimi.
Bibi Milembe akaomba kiti kirudishwe nyuma, hadi kizingitini,
mtoto wa jicho kulia na kushoto,
akakaa kimya muda wa chai kupoa.
"Mbona mnasema kaharibika?
Si huyu hapa. Na kovu la siku ile ya mbuzi, lile pale."

Nikageuka. Palikuwa na kijiraba cha kahawia
na kingine kilichofifia kidogo.
Nikafinya macho, kama yeye.
Nikafinya zaidi.

Nilikunywa chai yao, sikurudisha pesa, sikuombwa.
Katikati ya mteremko nikaketi juu ya jiwe,
ziwa chini limejaa vimulimuli vya jua visivyohesabika,
nikaitoa kamera, nikachagua kubwa, laini.
Sitini na nane.
Kesho kuna harusi Pasiansi, wageni mia nne,
na kadi ni ileile.