Laini Namba Tatu

Saa nne usiku Ruzizi inapiga turbini mgongo,
nami, Nabintu binti Cizungu, nakaa mbele ya ukuta wa taa
nyekundu na kijani, na chupa ya chai ya mchaichai
aliyoifunga Ntakwinja kwa kitambaa isipoe.
Huwa inapoa.

Mzigo ukizidi, lazima nichague nani akeshe gizani.
Laini ya kwanza ina hospitali, haiguswi.
Ya pili ina wakubwa, haiguswi pia,
ingawa hakuna karatasi inayosema hivyo.
Ya tatu ni Kadutu: mlima wa mabati na udongo mwekundu,
nyumba zimepandana mabegani
kama watoto wanaochungulia mpira nje ya ukuta,
na mojawapo, yenye mlango wa buluu, ni yangu.

Nabonyeza.

Majirani wanamwita mume wangu Mama Asifiwe.
Anapanga foleni bombani pamoja na wanawake,
anarudi na ndoo, anacheka.
Siku moja alirudi hacheki.
Alitia makala kwenye pasi, akanyoosha koti langu la kazi,
mkunjo mmoja, akaurudia, akaurudia,
mpaka kitambaa kikaanza kunuka.
Sikuuliza. Nilikuwa nachelewa.

Jino la kwanza la mtoto lilitoka Jumatatu.
Nililiona Alhamisi, ndani ya kiberiti, limelazwa juu ya pamba.
"Nilikuwekea," alisema. "Ulikuwa umelala."
Mchana nyumba yetu hutembea kwa ncha za vidole.
Hata kuku wa mama mkwe wamefunzwa adabu.

Kisha barua, yenye muhuri: mkuu wa zamu.
Miaka kumi na moja nimeingoja,
tangu siku niliyofika na bisibisi mfukoni
na mlinzi akaniuliza nimemletea nani chakula.
Mafunzo Kinshasa, miezi tisa.
Miezi tisa naijua. Mwili wangu uliihesabu mara mbili,
na mara moja haikutimia.
Jibu litakiwe kabla ya Ijumaa.

Nimeificha chini ya mkebe wa chumvi.
Mama mkwe hajui kusoma, lakini pua anayo:
"Siku hizi chumvi inalindwa kama dhahabu."
Na shemeji zangu, wakila sambaza nilizonunua mimi,
wananikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka.
Hawakuniona mwaka ule wa mvua nyingi,
mtoto mgongoni, ngazi begani,
waya kati ya meno.
Hakuna kilichoanguka.
Au kilianguka, nami sijakiokota bado.

Jana usiku simu ililia.
"Umetuzima?"
"Ndiyo."
"Subiri, kuna mtu anakutaka."
Pumzi ndogo, kisha sauti yenye pengo la jino:
"Mama, nusu na robo ni ngapi?"
Nikamwambia akate chapati kichwani mwake.
Akanyamaza, akikata.
"Mimi siogopi taa ikizimika," akasema.
"Ikizimika najua uko macho."
Nikageuka nisiwaangalie wenzangu.
"Ukienda huko mbali, nani atatuzima?"

Basi alikuwa ameisoma. Alikuwa ameinua mkebe,
yeye mwenye miaka saba, na kuisoma silabi kwa silabi,
kisha akairudisha na chumvi juu yake,
asimwambie mtu.

Sikuwa na jibu. Nilisema robo tatu,
nikasema lala, nikasema mpe baba simu,
na Ntakwinja alipoichukua hatukusema kitu,
tulisikilizana tu, mto upande wangu,
mvua juu ya mabati upande wake.

Ratiba inasema Kadutu warudishiwe saa kumi na moja kamili.
Saa kumi na moja kasoro dakika nne
niliiweka chai pembeni, baridi,
nikairudisha laini namba tatu.

Kwenye daftari la zamu, kwa mwandiko wangu mzuri,
nikaandika: saa kumi na moja kamili.