Haina Kadi ya Sauti

Kompyuta niliinunua kwa bei ya viatu
kiwanda cha karatasi cha Kemi kilipofungwa.
Muuzaji, Pertti, aliniandikia juu ya bahasha:
haina kadi ya sauti. Nikacheka.
Kiziwi na kengele, wapi na wapi?

Leo imefika filamu ya dada yangu Hilkka,
dakika nne, kutoka Tornio.
Nikabonyeza. Uso wake ukatokea, ukaganda,
mikono hewani, neno limekatikia vidoleni.
Chini, maandishi mekundu:
kifaa cha sauti hakikupatikana.

Nimeifuta programu, nimeipakia upya,
nimezima, nimewasha,
nimelipiga sanduku kofi, kwa heshima.
Theluji imefika dirishani. Kahawa imepoa.
Hilkka bado kaganda.

Saa sita usiku ndipo nilipong'amua:
picha haitembei peke yake,
huhesabu hatua kwa mapigo ya sauti,
na humu hakuna wa kuipigia.
Nikashuka kwenye mipangilio, ukurasa wa mwisho,
panapoulizwa sauti ipelekwe wapi.
Nikachagua: popote.
Ikakubali! Kumbe ilitaka kudanganywa tu
kwamba yupo anayesikia.

Mikono ya Hilkka ikashuka, ikasema:
mtoto amezaliwa, tumempa jina lako.
Akamwinua mbele ya kamera, mwekundu, kinywa wazi.
Anapiga kelele, akaonyesha kwa mkono mmoja,
mpaka jirani kagonga ukuta.

Nikairudisha filamu mwanzo.
Nikaongeza sauti hadi mwisho.