Swali la Saba

Dodoso lilikuja Jumatatu, kurasa mbili,
nasi darasa zima tukalijaza
kwa kalamu za kuazimana.
Swali la saba: Je, unafahamu namna salama
ya kutupa taka zitokanazo na tiba ya kinywa?
Ndiyo. Hapana. Weka alama ya vema.
Wote thelathini na wanne tuliweka vema penye Ndiyo,
hata Deusdedit, aliyekuwa anasinzia.

Na kweli tulifahamu.
Niamshe usiku wa manane nitakughania:
mfuko mweusi, karatasi na maganda ya ndizi;
wa njano, pamba iliyolowa damu na mate;
mwekundu, kipande cha ufizi, jino na mizizi yake;
sindano, sanduku gumu la kadibodi,
lisijae kupita robo tatu.
Na zebaki iliyobaki baada ya kuziba jino
ikae chupani, chini ya maji, kifuniko kibane,
isiende kwenye sinki, maana sinki lina koo
na koo lake linatapikia Mto Mirongo,
na Mirongo haujui njia nyingine ila ziwani,
na ziwani kuna dagaa, na dagaa
ndio mboga yangu tangu Jumapili.
Daktari Rwechungura alinipa tisini na mbili.

Jumatano kliniki ilifurika.
Watu wa Igoma, wa Buswelu, mmoja katoka Ukerewe
kwa kivuko cha alfajiri, shavu limeumuka kama andazi.
Jioni umeme ukakatika, jenereta likagoma,
tukang'oa kwa tochi za simu.
Mgonjwa wangu wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka sita.
Alilidai jino lake,
alirushe juu ya bati, kwao Mabatini.
Nikamkatalia, nikamsomea kanuni.
Aliniangalia kama mwizi.
Jino likaenda mfuko mwekundu, kwa heshima zote.

Ila sindano ya ganzi, ile niliyomchoma nayo,
niliiviringisha kwenye pamba
nikaidondosha katika mfuko uliokuwa karibu na mguu wangu.
Ulikuwa mweusi.
Giza, au njaa, au basi tu:
sanduku lilikuwa upande wa pili wa chumba.
Hatua sita. Nimerudi kuzipima.

Kwandu hakujaza dodoso. Hakuulizwa.
Mifuko anaijua kwa uzito na kwa mlio:
huutikisa kidogo, akatega sikio,
ukilia kama shanga, anaurudisha.
Ule haukulia.
Pamba yangu iliuziba mdomo.

Wamempa vidonge vya siku ishirini na nane.
Vinamchefua, harufu ya samaki wa kukaanga
sasa inamtoa nje mbio.
Kesho yake nilingoja anigombeze.
Alikuja na ndoo yake, akapiga deki chini ya kiti cha wagonjwa,
akasema: "Inua mguu, daktari."
Daktari. Mimi, wa mwaka wa tatu.

Husemwa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Huu nimeuchongoa mimi, umemchoma yeye.
Pole yake inaanzia kinywa gani?
Mimi ninayesomea vinywa
sijakiona.

Nilikwenda ofisini kuomba karatasi yangu,
nibadilishe jibu, au angalau niandike pembeni:
kidole cha kati, mkono wa kushoto, saa moja kasorobo usiku.
Karani akacheka. Hayana majina, kijana,
na yamekwisha kuhesabiwa.
Ndiyo, asilimia mia moja.

Leo ni siku ya kumi na moja.
Sanduku nimelisogeza mwenyewe, bila barua ya mtu,
sasa liko hatua moja, mkono unafika.
Asubuhi nampelekea Kwandu uji, anywee dawa.
Anaupokea, anashukuru,
kisha anainama kwenye mifuko yetu, mmoja mmoja,
na kila mmoja, hata wa karatasi tupu,
anautikisa.