Dau la Ambrose

Jumamosi ya kwanza ya Mei, umande haujakauka,
Shangazi Orlena anasimamisha gari langoni mwa shamba la watu
na kupiga honi mara mbili. Si kuomba ruhusa.
Ruhusa tunayo: aliyezikwa hanyimwi wageni,
hata shamba likiuzwa mara nne,
hata mwenye shamba akawa kampuni isiyo na uso.
Kijana wa zizini anafungua. Farasi jike watatu
wanainua vichwa; watoto wao, miguu kama njiti za kiberiti.

Makaburi yako kilimani, ndani ya ukuta wa mawe ya chokaa
uliopangwa bila udongo. Nusu yake imelala.
Mierezi miwili. Shimo la mnyama ubavuni mwa Permelia.
Na yale majani yatambaayo, yenye ua la zambarau,
waliyapanda wenyewe, ili asiyejua kusoma
ajue: hapa pana mtu.

Tuna ndoo, maji matupu, brashi laini.
Sabuni marufuku. Jiwe la Kentaki lina ngozi ya mzee, anasema,
ukilisugua kwa hasira litakunyima jina.
Binamu Thurman anatembea na chuma chembamba
akiichoma ardhi taratibu, akisikiliza.
Udongo. Udongo. Mzizi. Udongo.
Kisha sauti ndogo, ya jino likigusa kijiko.

Tunafukua kwa mikono. Jiwe la kiganja na nusu.
Nashika kioo, nalitupia jua kwa ubavu,
na kivuli kinajaa ndani ya herufi: A. TANDY.
Mwaka hakuna. Kuna kiatu cha farasi
kilichochongwa na mtu asiyejua kuchonga
ila aliyejua viatu:
misumari minne upande wa nje, mitatu wa ndani.

Ambrose. Tulikuwa naye kwa masimulizi tu,
aliyelala zizini na farasi wa wenyewe,
aliyepanda siku moja, akashinda,
na gazeti likaandika jina la farasi.

Shangazi anavua glavu.
Anaipapasa misumari mmoja mmoja kwa kidole gumba.
"Saba," anasema. "Mmeona wenyewe."

Jioni tuko barazani, yeye na kofia yake ya manyoya
kubwa kama sinia la pilau, udongo bado kwenye kucha.
Mnanaa wa nyuma ya jiko, barafu iliyopondwa kwa nyundo,
pombe ya kahawia kiasi cha kuonja, kisha kiasi kingine.
Redio, si televisheni: anapenda kuwakimbiza mwenyewe.
Namba saba ni dume la kijivu, Karani wa Mvua,
ishirini na mbili kwa moja, hana hata shemeji wa kumshangilia.
Dola mbili, kama kila mwaka.

Dakika mbili si kitu. Thurman amesimama,
mimi nimeuma ukingo wa glasi,
mtangazaji anataja sita, anataja kumi na tano,
na mwisho kabisa, saba, saba kwa nje, saba anakuja—

Wa nne.

"Mwaka jana Permelia alitupa wa mwisho," anasema Shangazi.
"Hakuwahi kujua farasi, yule."
Anaomba kalamu. Kwenye tikiti isiyo na thamani tena
anakata jina la Karani wa Mvua kwa mstari mmoja ulionyooka
na juu yake anaandika, kwa herufi za shule ya zamani,
jina la mpandaji.