Kisukumio

Mafinga huamka kwa sauti ya misumeno.
Kabla jua halijapasua ukungu wa Changarawe
mbao za paina zinalia mashineni,
na unga wake, mwepesi, wa njano,
unatuingia kooni, kwenye chai, kwenye kope.

Mimi ni Luvanda. Hesabu nami:
mkono wa kulia, vitano;
wa kushoto, vitatu na kipande.
Vingine vilibaki Agosti, mwaka wa baridi ile
iliyounguza viazi vya watu,
nilipokuwa napasua mbao za kreti za parachichi
na ubao ukarudi nyuma kama teke la punda.
Maumivu yalichelewa. Nilisikia tu mashine ikibadili sauti,
kidogo,
kama mtu aliyekanyaga ganda la karanga.

Miezi miwili nilikaa nikichezea bandeji.
Ndipo nikaokota masalia ya mlingoti,
nikachonga kitu chenye shingo ya bata
na kisigino cha kudaka ncha ya ubao;
chini nikagundisha soli ya kandambili
kisiteleze.
Cha kwanza kilikuwa kizito kama kinu.
Cha tano kilinikaa kiganjani
kama mkono wa mtu ninayemfahamu.
Nikakiita kisukumio. Kazi yake ni moja:
kufika pale kidole kisipotakiwa kufika.

Kikoba cha mke wangu kikatukopesha elfu themanini.
Gundi, msasa, kopo la rangi nyekundu.
Sekalinga akashika daftari, akaandika:
*Vipande arobaini. Bei elfu nne. Mungu atuone.*

Jumatatu nikazunguka karakana kwa karakana.
"Kamwene, fundi."
"Kamwene. Umetuletea nini, mwiko?"
Wakacheka. Mgaya akakichukua, akajikunia mgongo.
"Elfu nne kwa kipande cha kuni?
Mimi nina mikono, Luvanda. Nilipewa bure."
Nikamwonyesha wangu wa kushoto.
Akatazama pembeni, akawasha mashine.

Hadi Alhamisi sikuwa nimeuza hata kimoja.
Usiku nilivitazama ukutani, vyekundu, arobaini,
kama ndimi zilizotolewa kunizomea.
Sekalinga hakusema kitu. Alifunga daftari
kwa namna ambayo ilikuwa maneno.

Ijumaa wakaja wanawake wa maranda,
wale wanaojaza viroba kwa ajili ya majiko yao.
Mama Nyagawa wa Kinyanambo
akakiona, akakigeuza, akakikandamiza mezani,
akauliza kinafanya nini. Nikamweleza.
Akanyamaza. Akafungua fundo la khanga.
"Nipe viwili. Mume wangu ana mashine mbili
na kichwa kimoja kigumu."
Hadi jioni walikuwa wamebeba kumi na tisa,
vimechomekwa juu ya viroba kama vijiti vya bendera.

Nilikuwa nimebisha mlango usio wenyewe.
Fundi anahesabu mbao.
Anayemmiminia maji ya kunawa, jioni,
ndiye anayehesabu vidole.

Wiki ya tatu Mgaya aliingia bila salamu.
Akaweka mezani kisukumio alichonunuliwa na mkewe.
Kilikuwa kimeng'atwa:
mkato mmoja safi, wa mshazari,
hadi karibu na shingo.
"Kitu chako kibovu," akasema. "Kimekatika. Nibadilishie."

Nikauweka ule mkato
kando ya kipande changu cha kidole.
Vililingana.

Nje lori la magogo lilikuwa likihangaika kwenye tope,
utingo akipiga kelele, weka jiwe, weka jiwe.

"Elfu nne," nikamwambia.

Akanikodolea macho. Kisha akatoa noti mbili,
akazihesabu kana kwamba ni ishirini,
akalamba dole gumba lake,
akalitazama.