Sufuri ya Katikati

Hapa Wadi Kabir, kwenye kaunta yangu ya spea,
namba ya gari haisomwi. Hutamkwa.
Anayekosea kutamka hulipa bei ya mgeni.

Biju wa Kerala, aliyeshika spana kabla sijazaliwa,
huikata kila namba vipande:
"thrii… tuu… thrii…"
kama anayetaja simu kwenye laini mbovu.
Mbedui wa Sinaw hushusha kioo, husema "thamaniin",
basi, na sote twajua ni Landkruza,
wala si umri wa babake.
Na wale wa Landrova, Mungu awape subira,
kwao ni "wan-ten".
Ukimwambia mmoja wao mia na kumi
hugeuka nyuma kutazama nani anadaiwa.

Nimekaa na hili miaka, kati ya fenibelti na vikopo vya grisi.
Naona hivi:
mia tano na nne ni hesabu,
mbuzi mia tano na nne, matofali, siku za kungoja viza.
Tano-sufuri-nne ni jina.
Mwenye jina haumhesabu, unamwita.

Lakini hayo nilikuwa sijamwambia baba.

Alhamisi, mabati yakianza kupoa,
akaja Muhenna na Pijo yake mpya ya zamani,
rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai,
kaitoa, asema, kwenye zizi la punda huko Ibra.
"Zayana, nipe raba za injini. Faivu-o-foo."
Alivyoitamka ile "o"! Mdomo mviringo,
kama anayepuliza uji.

Baba akatoka nyuma, plagi nne kiganjani.
"Ya mia tano na nne?"

Muhenna akacheka, si kwa ubaya.
"Mzee, hakuna anayesema hivyo siku hizi."

"Sisi tulisema. Marehemu baba alikuwa na kakaye huyu,
mia nne na nne, pale Ng'ambo.
Tuliita yote mpaka mwisho. Gari zilikuwa chache,
tulikuwa na wakati.
Ile sufuri ya katikati ilikuwa tundu, kijana.
Betri ikifa unachomeka hendeli humo, unazungusha.
Mimi nikikaa ndani, miguu haifiki chini,
nikingoja iitike."

"Ikawaje?"

"Ilichukuliwa."

"Mwaka gani?"

"Sitini na nne."

Biju akaweka spana chini, polepole, isilie.

Mzee asiyekubali kukata namba ya gari
alikuwa ameukata mwaka katikati,
elfu yake na mia tisa yake zimebaki huko huko
na makochi, na cherehani ya bibi, na mlango.
Kwetu nyumbani husemwa vivyo hivyo,
sitini na nne,
na anayepakua wali hupakua kimya.
Sijamsikia mtu akidai nusu iliyobaki.

Muhenna naye hakudai. Mamake husema Kiswahili,
jikoni, na kwenye simu anapogombana.
Alitazama vidole vyake.

Nikamwandikia risiti.
Riyali kumi na moja, baisa mia tano.
Kwenye mstari wa gari kalamu ilisita,
kisha ikaandika tarakimu tatu
zisizo na lafudhi ya mtu yeyote.

Tulipotoka, baba alikuwa amechuchumaa mbele ya Pijo,
magoti yakimlia, kanzu imegusa mafuta.
Akapeleka kidole kwenye sufuri.
Hakikuingia.
Hii ilikuwa ya kupambia tu, bati zima, imebandikwa.

"Wameiziba," akasema,
akaigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole,
akangoja kidogo.